Nyumba ya mama Mkomani: shajara ya kuirudisha kwenye chokaa

Septemba, Maulidi yameisha

Kazi imeanza. Maulidi ya Riyadha yamemalizika, wageni wameondoka, mafundi wametulia, na mimi nimeomba likizo Mombasa nije nikae hapa Lamu nisimamie mwenyewe, manake nyumba ya mawe haisimamiwi kwa simu. Hii ni nyumba ya mama, kabla yake ilikuwa ya nyanya, na kabla ya hapo ya mamake nyanya, kwa sababu kwetu binti akiolewa alikuwa anapewa nyumba na mume ndiye anayehamia, kwa hiyo imeshuka kwa wanawake watupu hadi ikatufikia sisi. Iko ndani kabisa ya mtaa wa Mkomani, zile ndia ambazo ukinyoosha mikono unagusa kuta za huku na huku, na punda akija na shehena ya mawe unaingia kwenye daka la mtu, kibaraza cha mlangoni, kumpisha.

Kilichotusukuma ni masika iliyopita, pembe ya dari juu ya msana wa yuu, chumba kimojawapo cha ndani, ilianguka usiku. Alhamdulillah hakukuwa na mtu. Familia ikakaa kikao, na kama kawaida kuna waliosema iuzwe tu, bei za Mkomani zinajulikana, wageni kutoka Ulaya wananunua tangu zamani na wanaendelea kununua. Mimi sina ugomvi na wageni, baadhi yao wamezitunza nyumba vizuri kutushinda wenyewe, lakini nyumba ambayo inafunguliwa wiki chache kwa mwaka haitunzwi na pumzi za watu, na mtaa ukiwa na nyumba nyingi za hivyo, jioni madakani hakuna mtu. Mama akasema maneno machache sana, akasema yeye amezaliwa ndani ya ile nyumba na hataki kuulizwa tena. Basi ikaisha hapo, tukaanza kuchanga.

Kwa wasioijua nyumba ya Kiamu acha nieleze kidogo, manake mtu aliyezoea nyumba za bloku haelewi tunahangaikia nini. Kwa nje huoni kitu, ukuta mtupu, madirisha machache tena juu, uzuri wote uko ndani. Unaanza na daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, hapo ndipo mgeni wa kiume anapokaa na habari zinapopita. Ukivuka mlango unaingia tekani, na hapo lazima ukate kona, huendi moja kwa moja, ili aliyesimama mlangoni asione kilichoko ndani hata mlango ukiachwa wazi. Kona ile inakutoa kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu, ndiyo mwanga wote na hewa yote ya nyumba. Kutoka kiwandani vyumba vinapangana kwa safu, msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na kila ukiingia safu moja unapanda kidogo na mwanga unapungua na sauti ya mtaa inapotea. Vyumba ni virefu na vyembamba ajabu, mita tatu kasoro kwa upana, na watu wakija mara ya kwanza wanauliza mbona wazee hawakujenga vyumba vipana na pesa walikuwa nazo. Jibu ni boriti. Dari limelala juu ya boriti za mkoko, na mkoko ukibeba mzigo wa mawe na chokaa haupiti urefu huo, utapinda. Kwa hiyo chumba kinakwenda urefu unavyotaka lakini upana ni ule ule, kuanzia nyumba ya tajiri mkubwa hadi ya mtu wa kawaida, zote zimepimwa na mti mmoja.

Halafu ukifika ndani kabisa, ukuta mzima wa mbele ni zidaka. Safu kwa safu ya visanduku vilivyochimbwa ukutani, vina matao juu, vimezungushiwa nakshi ya chokaa, zamani vilikuwa vinawekwa sahani na bakuli za China na misahafu. Kwetu zimebaki nyingi nzima, baadhi zimevunjika, na zote zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani. Nitafika huko.

Oktoba

Kazi ya kwanza ni kubandua simiti.

Zamani, nikiwa mdogo, kuta za chini zilikuwa zinamwaga mchanga mchanga, ukaja ushauri kwamba dawa ni simiti, fundi wa wakati ule akapiga lipu ya simiti ndani na nje mpaka kiunoni, sehemu nyingine mpaka juu, ikapendeza kweli miaka miwili mitatu. Baadaye ikaanza kuvimba. Sasa hivi ukigonga kwa kipini cha nyundo unasikia uwazi nyuma yake, na ukitia patasi linabanduka pande kubwa kama kaki, nyuma yake ukuta umelowa na una unga mweupe wa chumvi, unaramba kidole unasikia chumvi kabisa.

Fundi wetu mkuu ni mzee, namwita Ami, amefanya kazi nyumba za hapa tangu ujana wake. Siku tulipobandua upande wa tekani aliniita nikaweka kiganja ukutani, baridi, maji. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba hii yanwa maji kutoka tini, miaka yote yanwa, na miaka yote yatoa jasho. Mukaiziba jasho." Ndio kusema ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unavuta unyevu kutoka ardhini, hakuna cha kuuzuia, msingi wenyewe ni mawe hayo hayo, lakini chokaa ina vinyweleo, unyevu unapanda kidogo kisha unatoka nje hewani na upepo unaukausha. Simiti haipitishi. Kwa hiyo maji yakakosa pa kutokea yakapanda juu zaidi, na chumvi ikabaki nyuma ya simiti inaganda na kusukuma na kulila jiwe, na yale maji yakafika mahali ambapo hayakuwahi kufika, kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Ndiyo sababu ya dari kuanguka! Mvua ilimalizia tu. Tulipotoa boriti zilizoanguka katikati ni ngumu unaweza kupigia msumari ukapinda, vichwani unachota kwa vidole.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nyumba ngapi Mkomani na mtaa wa Langoni zina koti hilo hilo la simiti, na wenyewe wanaona kuta zinatoka jasho juu wanaongeza simiti nyingine. Jamani acheni. Kama huna pesa ya chokaa sasa, bandua tu simiti uache ukuta wazi, ukuta mbaya unaopumua unaishi kuliko mzuri uliozibwa.

Watu wa ofisi ya uhifadhi walikuja kukagua kabla hatujagusa upande wa nje, mji huu umewekwa chini ya sheria ya mambo ya kale tangu 1986 na UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia 2001, kwa hiyo ukitaka kubadilisha kitu unaonyesha kwanza. Nilikwenda na hofu nikidhani watatuchelewesha, kumbe walitusaidia, walituonyesha mahali ambapo dirisha moja la juu lilizibwa zamani na walituomba tu tusiongeze urefu wa ukuta wa barabarani. Hatukuwa na nia hiyo.

Novemba, boriti

Mwezi huu wote umekwenda kwa boriti. Miti ya mikoko huku inauzwa kwa korija, ishirini ishirini, na kila unene una jina lake, fito ndiyo nyembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti, nguzo. Ukienda kwa muuzaji ukasema nataka "miti" anajua we mgeni. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko hapa Lamu, na miti hii ndiyo iliyokuwa inapakiwa kwenye majahazi kwenda Arabuni na Ghuba miaka na miaka, ndiyo maana ukitazama nyumba za zamani za kule utaona vyumba vyembamba hivi hivi, ni mkoko huu huu uliowapimia. Usafirishaji nje ulipigwa marufuku miaka ya 80, na mwaka 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti nchi nzima, wakataji wa hapa waliumia sana kipindi kile. Sasa mtu anakata kwa leseni na kwa sehemu alizopangiwa, na mimi naona ni sawa, manake bila mikoko hata samaki hatuna, lakini boriti nzuri iliyonyooka imekuwa adimu na bei imepanda.

Kuchagua ni kazi ya Ami peke yake, hataki mtu amsemeshe. Anaiinua upande mmoja anaiangalia kwa jicho moja, anaizungusha, anaigonga kwa fundo la kidole anasikiliza, halafu anaangalia kichwa kilipokatwa, kikiwa chekundu kimeshikana anaiweka kulia, kikiwa na ufa wa nyota anaiweka kushoto. Muuzaji naye amekaa pembeni anameza mate. Mwisho katika rundo zima tulichukua chini ya nusu, zilizobaki tukaja kuzitafuta upande wa kisiwa cha Pate.

Boriti za ndani ya nyumba za zamani zilikuwa zinachongwa ubapa pande nne, na tulipopangusa masizi kwenye zile zilizobaki msana wa yuu tukaona rangi, mistari myekundu na myeusi imezunguka kila baada ya hatua, imefifia lakini ipo. Mama hakuwahi kuiona maisha yake yote! Alikaa chini akitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Hizo tumeamua kuzibakisha zote hata zile zilizooza kichwa, Ami amezikata sehemu mbovu akaziunganishia kichwa kipya kwa kupasua na kufungia vigingi vya mti, hakutia chuma, anasema chuma huku kwenye hewa ya bahari kitapata kutu kitavimba kipasue mti kutoka ndani. Vichwa vipya vyote vimezungushiwa chokaa kavu na ameacha kiuwazi kidogo cha hewa ukutani.

Desemba, kaskazi imeingia

Chokaa. Hapa ndipo watu wanapokata tamaa, kwa sababu simiti unanunua asubuhi mchana unapiga, na chokaa inakutaka usubiri. Bahati yetu Ami alikuwa na shimo la chokaa iliyolowekwa tangu kabla ya masika, hiyo tumeiweka akiba kwa lipu ya mwisho na nakshi. Kwa ajili ya dari na kujengea tulihitaji nyingine nyingi, kwa hiyo tukachoma tanuu, tanuri la chokaa.

Sikuwahi kuona tanuu tangu utoto. Magogo yanapangwa mduara, vichwa vyote vinatazama katikati, safu juu ya safu mpaka kifua cha mtu, katikati kumeachwa tundu la kutilia moto, halafu juu yake yanapandishwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwa ukubwa wa ngumi, kichuguu kizima cha mawe. Mawe yalitoka kisiwa cha Manda, upande wa Maweni ambako ndiko yanakochimbwa. Moto ukatiwa jioni upepo ulipopungua, ukaunguruma usiku kucha, na asubuhi magogo yote yamekuwa jivu na mawe yameporomoka chini meupe pe, mepesi mkononi kama hayana kitu. Yakishapoa unayamwagia maji, hapo usisogee, yanatokota yanapasuka yenyewe yanakuwa unga, joto lake unalisikia usoni ukiwa mbali. Vijana wawili wa kazi walikuwa wanacheka cheka pale karibu, Ami akawafukuza, chokaa mbichi ikiingia jichoni ni hospitali.

Mchanga nao una mambo yake. Wa pwani upo miguuni, bure, lakini una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Tumetumia wa bara, tukauosha.

Jambo moja nililopenda mwezi huu. Kila mzigo wa mawe na chokaa umeingia kwa punda, gari halifiki, na mwenye punda ana desturi ya kusimama kila daka kusalimia. Kwa hiyo kabla ya adhuhuri mtaa mzima unajua tumefika wapi na kazi, na kila mzee anapita kutoa maoni. Mmoja alileta kipande cha tumbawe laini alichokitunza kutoka nyumba ya babake iliyoanguka, akasema kitatufaa kwenye zidaka. Tumbawe hilo zamani lilikatwa baharini likiwa hai, likiwa bichi linachongeka kwa kisu, likikauka linakuwa gumu. Siku hizi halikatwi na lisikatwe, matumbawe yetu yana shida za kutosha, kwa hiyo kila kipande cha zamani ni mali.

Januari, dari

Wiki ya dari! Boriti zimepangwa, juu yake yamelazwa mawe mapana yaliyochongwa nyembamba kutoka boriti hadi boriti, halafu kokoto na chokaa ikamwagwa unene wa shibiri na zaidi, halafu ndiyo kazi yenyewe ya kupigilia. Ami alisema kwa mashine ya kushindilia itakwisha nusu siku lakini itatikisa kuta za nyumba tatu, kwa hiyo tukarudi kwenye vipande, vile vibao vya mti vyenye mpini, na tukaita watu.

Khalati, dada wa mama, alikuja na wanawake wa mtaa, na vijana wa madrasa ya jirani, na binamu zangu wale wale waliotaka iuzwe. Wanajipanga mstari, wanapiga pamoja wakirudi nyuma polepole, upande mmoja unaimba upande wa pili unaitika, na kipande kikitua kwenye chokaa mbichi mwanzoni kinatoa sauti nzito ya tope. Unapiga, maji meupe yanapanda juu, unayapangusa, unanyunyizia maji ya chokaa, unapiga tena. Siku ya pili sauti inabadilika, inakuwa kavu kidogo. Siku ya tatu kipande kinaruka kinakurudia mkononi na sauti inalia, hapo Ami akainama akaweka sikio chini huku watu wanapiga upande wa pili, akanyanyua mkono. Imeshikana. Mikono yetu yote ilikuwa na malengelenge na khalati alikuwa amekauka sauti, pilau ililiwa hapo hapo kiwandani kwenye masinia.

Nilimuuliza Ami kwa nini isifanyike tu kwa watu wawili watatu kwa siku nyingi. Akasema chokaa haingojei, ikipigwa pole pole inakauka na nyufa kabla haijashikana, lazima wingi wa watu. Nikafikiria hapo kwamba dari la namna hii huwezi kuwa nalo kama huna jirani. Binamu mkubwa alikaa karibu na mimi akila, hakusema lolote kuhusu kuuza.

Januari mwisho, zidaka

Hii sehemu ningeweza kuandika peke yake kurasa.

Rangi ya mafuta ya kijani tumeitoa kwa mkono, kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa na maji ya uvuguvugu na subira, hakuna msasa wala mashine, manake nakshi yenyewe ni chokaa laini tu. Mimi mwenyewe na binti wa khalati tumekaa kwenye zidaka asubuhi mpaka jua linapoondoka kiwandani. Chini ya kijani kuna bluu, chini ya bluu kuna chokaa nyeupe matabaka mengi sana, kila mwaka kabla ya Ramadhani nyumba ilikuwa inapakwa chokaa na hakuna aliyekwangua ya zamani, kwa hiyo nakshi ilikuwa imezibwa, ilionekana ni matuta matuta tu. Tukaanza kutoa tabaka kwa tabaka kwenye kidaka kimoja cha safu ya chini, na pale juu ya tao likatokea jani. Halafu jani la pili linaloliegemea, halafu kamba iliyosokotwa inayoyafunga, kina chake si zaidi ya kucha, na ncha ya kila jani imekatwa mkato mmoja tu wa kisu, unauona mkato ulipoanzia na ulipoishia. Kwenye kona moja fundi yule wa zamani aliishiwa nafasi, akalikunja jani la mwisho liingie. Nililiangalia lile jani lililokunjwa kwa muda mrefu sana.

Zidaka zilizovunjika zilileta mabishano. Mjomba anataka nakshi yote irudishwe, ichongwe upya iwe kamili kama Jumba la Makumbusho la Kiswahili kule kati, watu wakija waone ukuta mzima. Ami anaweza, ana mkono huo, na ana chokaa iliyoiva. Mimi na mama tulikataa. Mahali palipobaki alama ya kutosha, kama nusu ya kamba, kamba imemaliziwa. Mahali ambapo hakuna alama, Ami amejenga tao kwa lile tumbawe la mzee wa mtaa na vipande vingine tulivyookota kwenye kifusi chetu, akapiga lipu laini bila nakshi, ikashuka ndani kidogo kuliko ya zamani. Ukitazama kutoka mlangoni ukuta umekamilika, ukisogea unajua lipi la nani. Kuchonga majani mapya ya kubuni halafu mjukuu aje adhani ni ya miaka mia mbili nyuma, hapana, hilo sitaki.

Nyuma ya ukuta wa zidaka iko nyumba ya kati, kile chumba kidogo cha giza ambako wanawake wa ukoo walijifungulia na ambako maiti waliogeshwa. Mama alizaliwa humo, nyanya alioshwa humo. Hapo hatukubadilisha kitu, chokaa mpya tu.

Februari, kabla ya Ramadhani

Mbio mbio. Stima imeingia, waya zote tumezipitisha kwenye maungio ya lipu mpya na juu ya boriti, hatukuchimba ukuta wa zamani hata mara moja, fundi wa stima alilalamika siku ya kwanza halafu akazoea. Binamu alileta wazo la madirisha ya aluminiamu na taili za kuwekwa kwenye uwanja wa kiwandani, tukazungumza vizuri, nikampeleka kwenye ukuta wa tekani ambao tulibandua Oktoba nikamwambia aweke kiganja. Mkavu! Haujakauka wote, chini kabisa bado kuna unyevu na utakuwepo siku zote, lakini kiunoni mkavu. Taili zikaisha hapo, manake taili na simiti yake ni koti lile lile limehamia chini. Sakafu ni chokaa iliyosuguliwa.

Birika la chooni tumelisafisha. Chini kabisa, katikati, limejengewa bakuli la kaure la bluu na nyeupe, limekaa sawa na sakafu ya birika. Watoto waliuliza ni la nini. Birika lilikuwa linafugwa samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu, na siku ya kulisafisha maji yakitolewa samaki wanabaki kwenye bakuli wana maji yao, hawafi. Bakuli lina ufa mmoja na tumeuacha.

Aprili, Idd imepita

Masika imeanza na nimekuja kuangalia. Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha alfajiri mpaka saa tatu. Dari jipya halikuvuja. Dari la zamani upande wa sabule, chumba cha wageni, ambalo hatukuligusa, linavuja mahali pawili karibu na mchirizi, tumeweka ndoo na tumetia alama ya mkaa, hilo ni la baada ya kusi kukausha. Lipu ya nje bado nusu, upande wa barabara umepigwa koti la kwanza tu, na chokaa ya shimo imetosha kwa koti moja zaidi lakini si mbili, kwa hiyo Ami ameshaloweka nyingine sasa ili mwakani iwe imeiva. Mama amehamia. Analala msana wa tini kwa sababu ya magoti, na mchana anakaa msana wa yuu chini ya boriti zile za rangi.

Kilichobaki kikubwa ni mlango. Bamba la juu na miimo ni mizima, nakshi yake safi, lakini mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, umeliwa na mchwa kutoka ndani, kwa nje unaona mti kumbe ni ganda. Tunatafuta kipande cha mbambakofi kilichokauka vizuri, kirefu kuzidi kimo cha mtu mrefu, kikitoka kwenye mlango au chombo cha zamani ni bora zaidi manake kipya kitapinda. Aliye nacho, au anayemjua mchongaji wa Siyu au Pate anayeweza kufuata nakshi ya zamani bila kuiongezea yake, amwambie Ami pale kwenye daka letu baada ya alasiri, yupo kila siku.